Mia na Ishirini na Moja

Gari langu linalala nje mwaka wa pili sasa,
limejifunika theluji hadi vioo,
kwa sababu gereji imeolewa
na wavu, na zulia la nyasi za plastiki,
na kisanduku cheusi kisichozidi tofali
kilichochuchumaa sakafuni kama chura mwenye jicho moja,
kinamtazama mume wangu visigino.

Reijo aliuza pikipiki yake ya theluji akakinunua.
Sikusema neno. Ilikuwa yake, na kelele zake.

Hapa Oulu, Januari, jua hupiga hodi saa nne asubuhi
na saa nane limeshaaga.
Bahari imekuwa barabara.
Viwanja vya gofu viko chini ya theluji ya kiunoni,
basi wanaume wa umri wake hukaa sauna
wakapiga mipira kwa midomo:
"Chuma namba saba? Mimi, mita mia na sitini, bila jasho."
Miaka thelathini nimeisikia ile mia na sitini.
Nimeipikia kahawa. Nimeifulia soksi.

Usiku wa kwanza, nikiwa jikoni, nilisikia:
pa.
Kimya.
Pa.
Kimya kirefu zaidi.
Nikashuka na taulo la vyombo mkononi.
Ukutani nambari zinang'aa:
kasi ya mpira, pembe ya kupaa, mizunguko kwa dakika,
na chini kabisa, nene, bila haya:
mita 121.

Alibadilisha betri.
Alipangusa lile jicho kwa kitambaa cha miwani.
Akapima kwa utepe toka kisanduku hadi mpira, toka mpira hadi wavu,
akakisogeza sentimita mbili, akakiombea, nadhani.
119.
"Kimeharibika," akasema. "Baridi imekiingia."

Mimi nilikuwa mkunga miaka thelathini na minne.
Nimewalaza kwenye mizani watoto wa matajiri, wa walevi, wa mchungaji.
Bibi kasimama mlangoni: huyu ni wa kilo nne, tazama mashavu!
Mshale unatua kwenye mbili na robo.
Mizani haina shemeji.
Lakini hilo sikumwambia. Kuna maneno
ambayo mtu huyafikia kwa miguu yake mwenyewe.

Februari akaacha kugombana nacho.
Akawa anacheza kiwanja cha pwani ya Uskoti, palepale ukutani,
kati ya matairi ya kiangazi na mashine ya kufulia.
Huko upepo huzimwa kwa kidole. Aliuacha uvume.

Usiku mmoja nikaomba fimbo,
mimi, na gauni la kulalia, na buti za manyoya.
Nikakosa. Nikakosa. Nikalichapa zulia. Kisha
pa!
Mita 38.
Nikaruka kama nimefaulu mtihani.
Thelathini na nane, zangu, safi,
sijawahi kumdanganya mtu juu yake.
Reijo alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo ya mchanga wa barafu.
"Yangu," akasema akifuta macho, "mia na ishirini na moja."
Ndiyo mara ya kwanza kuitamka.

Mei nyasi zikafufuka, za manjano, zimelalia ubavu.
Shimo la tatu. Veikko na wenzake nyuma yetu, mikono mifukoni.
Reijo akapiga, mpira ukapanda,
ukayeyuka katika ule weupe wa anga
ambao kwetu, mwezi huo, hausikii kulala.
Akainama kutafuta, nyuma ya visigino,
jicho tulilolifungia gerejini.
Halikuwapo. Akanitazama mimi.
"Ngapi?"

Sikuuona ulipoangukia.
"Kilo tatu na nusu," nikasema. "Na analia vizuri."